Mawazo yananijia nikioga, nikikaa mezani yanakimbia: je, ubongo wangu umeganda?

"Daktari, nina miaka 39 na ni mhasibu. Utotoni nilikuwa na maswali mpaka mama alikuwa ananiomba ninyamaze kidogo apumzike. Huu ni mwezi wa nne najaribu kuandika hadithi za watoto, jambo nililolitamani tangu shuleni. Kila jioni nakaa mezani saa nzima: naandika sentensi, nafuta, naandika, nafuta. Lakini nikiwa naoga au napiga deki, wazo zuri linakuja lenyewe, na nikikimbilia daftari limeshayeyuka. Nilifanya jaribio kwenye simu nikaambiwa mimi ni mtu wa ubongo wa kushoto kwa asilimia 84, wa hesabu na mantiki, si wa ubunifu. Mwenzangu kazini ananishauri vidonge vya kuchangamsha ubongo; mwingine amenionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kinachopitisha umeme kidogo. Halafu naona sina tena hamu ya kujua vitu kama zamani. Je, ubongo wangu umeganda? Kuna cha kufanya, au nirudi tu kwenye vitabu vyangu vya hesabu?"

Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishika ni kile kuandika na kufuta, kuandika na kufuta. Nitakirudia, maana nadhani tatizo limekaa hapo. Nyuma ya maelezo yako nasikia hofu moja: kwamba kuna watu waliozaliwa na ubongo wa kubuni, wewe si mmoja wao, na hata kile kidogo ulichokuwa nacho utotoni kimekauka. Jibu fupi ni hapana. Ubongo ulioganda haupati mawazo mazuri bafuni. Wako unayapata, kinachokushinda ni kuyafikisha mezani yakiwa hai. Jibu refu linatutaka tuingie ndani kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Tuanze na lile jaribio la simu, kwa sababu limekuumiza bure. Hadithi ya ubongo wa kushoto na wa kulia ina mzizi wa kweli. Roger Sperry wa Marekani, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1981, aliwachunguza wagonjwa wa kifafa kikali waliokatwa daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo ili degedege lisivuke kwenda upande wa pili. Alionyesha kwamba kila nusu ina mambo inayoyamudu zaidi ya mwenzake. Kwa watu wengi, kwa mfano, lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto. Mpaka hapo ni sayansi. Watu wakauchukua ugunduzi huo, wakauvuta kama mpira, wakasema basi kuna binadamu wa kushoto na binadamu wa kulia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipitia picha za ubongo za watu 1,011 wenye umri wa miaka 7 hadi 29. Waliona kazi fulani zikiegemea upande mmoja, lakini hawakupata ushahidi kwamba kuna mtu ambaye ubongo wake mzima umeegemea kushoto au kulia. Asilimia 84 yako haikupima ubongo. Ilipima vitufe ulivyobonyeza.

Na uhasibu wenyewe unausingizia. Siku vitabu viwili vinapogoma kulingana, unafanya nini? Unabuni dhana. Ukiona tofauti inagawanyika kwa 9 unashuku kuna mahali tarakimu zimepinduana, mtu kaandika 54 badala ya 45. Ukikuta sivyo, unashuku risiti imeingizwa mara mbili. Unaijaribu dhana, unaitupa, unabuni nyingine. Huko ni kubuni na kuchuja, kazi ileile ambayo mwandishi wa hadithi anaifanya. Tofauti ni kwamba vitabu vya hesabu vinakuambia mara moja kama umepatia, na ukurasa mtupu haukuambii kitu.

Sasa tuingie ndani ya ubongo. Una seli za neva zipatazo bilioni 86, na hakuna hata kipande kimoja humo kinachoitwa "kiungo cha ubunifu". Kwa zaidi ya miaka 20 sasa wanasayansi wamezoea kuuangalia ubongo kwa mitandao: maeneo yaliyo mbalimbali, mengine mbele mengine nyuma, ambayo shughuli zake hupanda na kushuka pamoja kama waimbaji wa kwaya moja waliotawanywa ukumbini. Kwa habari yako, mitandao mitatu inatosha.

Wa kwanza uligunduliwa kwa njia ya kuchekesha kidogo. Watafiti walikuwa wakiwapa watu kazi ndani ya mashine za kupiga picha za ubongo, na kati ya kazi moja na nyingine wakawaacha walale tu, wasifanye lolote. Mapumziko hayo yalichukuliwa kuwa sifuri, kipimo cha kulinganishia. Lakini kulikuwa na maeneo yaliyokaidi: yalitulia mtu alipoanza kazi na kuchangamka alipoachwa. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walichapisha maelezo kwamba hiyo si kelele ya mashine. Ni hali ya kawaida ya ubongo, ile unayoirudia kila unapoachiwa. Na hailali. Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 ya mwili lakini hula kama asilimia 20 ya nishati yake, na mtu anapoanza kazi ngumu ulaji huo unapanda kidogo sana. Nitauita mtandao wa kuzurura. Umekaa kwenye kuta za ndani za sehemu ya mbele, katikati upande wa nyuma, na pembeni nyuma ya masikio, nao hushirikiana kwa karibu na hipokampasi, ghala la kumbukumbu. Ukikumbuka siku yako ya kwanza shuleni, ukijiuliza bosi atasema nini kesho, ukiwaza mtoto asiye wako anajisikiaje, huo ndio unaofanya kazi. Kwa mtunzi wa hadithi za watoto, humo ndimo shamba lilimo.

Wa pili nitauita mtandao wa nidhamu. Uko pembeni mwa paji la uso, kwa ndani, na juu kuelekea nyuma. Huu hushika lengo akilini, hukataa jibu la haraka, hukagua. Kwa miaka yote ya kazi yako umeunoa mpaka unakata. Wa tatu ni bawabu: anakaa sehemu iitwayo insula, iliyojificha kwenye mkunjo wa ubongo upande wa kila sikio, akisaidiana na eneo lililo katikati kwa mbele. Kazi yake ni kunusa kilicho muhimu, kiwe kinatoka nje au kinachipuka ndani, na kuamua nani apewe usukani.

Katika kazi nyingi mtandao wa kuzurura na ule wa nidhamu hukaa kama watoto wawili kwenye pembea ya ubao: mmoja akipanda mwenzake anashuka. Kinachovutia ni kwamba katika kubuni, wawili hao hukutwa wakifanya kazi pamoja. Mwaka 2018 Roger Beaty na wenzake waliwaweka watu 163 ndani ya mashine ya MRI wakawataka wabuni matumizi yasiyo ya kawaida ya vitu vya kawaida. Waliotoa majibu ya kipekee zaidi walikuwa na mawasiliano imara zaidi kati ya mitandao hii mitatu, na muundo huo ukaweza kukadiria ubunifu hata wa watu wa makundi mengine ambao hawakuhusika kuutengeneza. Nasema kukadiria, si kutabiri kama nabii. Usiondoke hapa ukidhani kuna mtu anaweza kukupiga picha kichwani akakuambia uandike au usiandike. Ushahidi mwingine umetoka kwenye vyumba vya upasuaji. Kuna upasuaji wa ubongo ambao mgonjwa huamshwa katikati ili madaktari wahakikishe hawaharibu lugha wala miondoko. Watafiti walipogusa kwa umeme hafifu maeneo ya mtandao wa kuzurura kwa wagonjwa wa namna hii, uwezo wao wa kuorodhesha matumizi mapya ya kitu ulipungua. Kwa hiyo kuzurura kwa akili si uvivu. Ni kiungo cha kazi.

Hapo narudi kwenye kufuta kwako.

Jaribio lile la kubuni matumizi mapya ya kitu, nililolitaja hapo juu, lina historia ndefu, mwanasaikolojia J. P. Guilford wa Marekani ndiye aliyelieneza. Unapewa kitu, tuseme tofali, unaulizwa: linaweza kutumika kwa nini? Nimewapa watu swali hili mara nyingi, na karatasi zao zinafanana mwanzoni kana kwamba walikubaliana: kujengea, kuzuia mlango, kukalia, kurushia mwizi. Baada ya dakika moja na nusu hivi kalamu inasimama. Mtu ananitazama kama anayesema, basi, yamekwisha. Namwambia endelea. Anakuna kichwa, anatazama dari, kisha yanaanza: kuliponda liwe unga wa kuchorea, kulipasha moto, kulifunga kitambaa na kuweka miguu juu yake usiku wa baridi, kulitumia kama kipimo, "ukuta una urefu wa matofali kumi na mbili", kuliweka mezani kwenye kikao kigumu, na mwenye tofali ndiye pekee anayeruhusiwa kusema. Hilo la mwisho mimi mwenyewe nisingelifikiria.

Hiyo si bahati. Tangu miaka ya 1950 imeonekana tena na tena kwamba majibu ya kwanza huwa ya kawaida na ya baadaye huwa ya kipekee zaidi. Sababu ni rahisi: kumbukumbu hutoa kwanza kilicho karibu, kilichotumika sana. Mpaka hicho kimalizike ndipo akili inalazimika kupita njia za vichochoroni. Kibaya ni kwamba sisi wenyewe hatujui. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba watu huamini ubunifu wao unaporomoka kadiri wanavyoendelea, wakati ukweli ni kwamba haushuki, na mara nyingine unapanda.

Sasa jitazame mezani. Unaandika sentensi ya kwanza. Bila shaka ni ya kawaida, ndiyo ya kwanza hiyo! Mtandao wa nidhamu, uliotoka kukagua hesabu kutwa nzima, unaiona, unaikuta na dosari, unaifuta. Unaanza upya, na kinachokuja ni sentensi nyingine ya kwanza. Kwa miezi minne umekuwa ukiandika majibu namba moja na namba mbili, ukiyahukumu, ukirudi mwanzo. Hujawahi kufika jibu la kumi na tano. Si kwamba kisima hakina maji. Unavuta ndoo nusu, unaona kamba imelowa tope, unairudisha.

Basi kwa nini bafuni? Kwa sababu kuoga na kupiga deki ni kazi ambazo mikono inazijua. Zinashughulisha nidhamu kidogo tu, kiasi cha kuifanya isikuingilie, na kuzurura kunapata uwanja. Pia, ukikazia macho tatizo kwa muda mrefu, jibu moja lisilofaa linakwama mbele na kuziba mengine. Ukiondoka, ule mkwamo unalegea. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2009, ulithibitisha kwamba kuliacha tatizo kwa muda kunasaidia kweli, lakini kwa sharti ambalo watu hulisahau: husaidia zaidi aliyekwisha kulitafuna vya kutosha kabla ya kuliacha. Kwa hiyo ile saa yako ya mezani haikupotea hata siku moja. Bafuni unavuna ulichopanda mezani. Asiyekaa mezani anaoga tu, anatakata, anatoka.

Kutembea nako kuna nafasi yake. Watafiti wa Stanford walionyesha mwaka 2014 kwamba watu wanaotembea hutoa mawazo mapya mengi kuliko waliokaa, hata kama wanatembea juu ya mashine ndani ya chumba wakitazama ukuta mtupu. Lakini waangalie vizuri: kwenye maswali yenye jibu moja sahihi, waliotembea walifanya vibaya kidogo. Tembea ukitafuta kisa. Ukiwa unafunga hesabu za mwaka, kaa.

Kuna jaribio moja zaidi ambalo kama mtu wa tarakimu utalipenda. Mwaka 2021 watafiti wa Paris walichapisha matokeo ya jaribio ambamo washiriki walipewa mafumbo ya hesabu yenye kanuni ya mkato ambayo hawakuambiwa. Walipokwama wakapewa dakika 20 za kupumzika kwenye kiti, gizani, wakiwa wameshika kikombe. Wakisinzia sana kikombe kinaanguka, wanaamka. Miongoni mwa waliopitia walau sekunde 15 za usingizi ule mwepesi kabisa, wa kope nzito, asilimia 83 waliigundua kanuni. Waliobaki macho ni asilimia 30. Waliozama kwenye usingizi mzito zaidi, asilimia 14. Sikuambii ununue kikombe. Nakuambia dakika zile za kope nzito usizikabidhi zote kwa simu.

Kuhusu wazo kuyeyuka kabla hujafika kwenye daftari: sehemu inayoshika mambo ya sasa hivi akilini ni ndogo, inabeba vitu vichache tu, na kufikiria taulo, mlango na kalamu iko wapi kunatosha kuvijaza. Usijaribu kulikumbuka wazo zima. Shika neno moja lenye sura, useme kwa sauti, ulirudie mpaka ufike: "kobe, kivuli, kobe, kivuli". Au acha simu karibu na mlango wa bafu ujirekodi. Wazo la bafuni mara nyingi halikamiliki hata ukilidaka, na hilo si la kukuvunja moyo, ni mbegu.

Nije kwenye hamu ya kujua, ambayo naona imekuhuzunisha kuliko hata hadithi. Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani George Loewenstein alitoa maelezo ambayo mpaka leo yanatufaa: udadisi ni mwasho unaotokea unapoona pengo kati ya unachokijua na unachotaka kukijua. Sharti ni kuliona pengo. Asiyejua chochote kuhusu jambo hana mwasho, na anayejua yote hana. Watafiti wa California walilipima hili mwaka 2009 kwa maswali ya chemsha bongo: watu walikuwa na hamu ndogo walipokuwa hawajui kabisa au wana hakika kabisa, na hamu ilikuwa kileleni walipokuwa katikati, wakihisi jibu liko kwenye ncha ya ulimi. Hamu ilipopanda, maeneo ya ndani ya ubongo yanayotarajia zawadi yalichangamka. Ubongo unalisubiri jibu namna ileile unavyosubiri kitu kitamu.

Miaka mitano baadaye, huko California pia, ikaonekana jambo lililonifurahisha zaidi. Mtu aliulizwa swali lililomwasha, na wakati akisubiri jibu akaonyeshwa sura ya mtu asiyemjua, isiyohusiana na swali hata chembe. Baadaye, bila kutarajia, akapimwa kama anazikumbuka zile sura. Zile zilizopita wakati mwasho uko juu zilikumbukwa vizuri zaidi. Udadisi, yaani, hufungua mlango wa ghala, na mlango ukiwa wazi hata wapita njia wanaingia. Kinachofungua ni mawasiliano kati ya chembechembe za ubongo wa kati zinazomwaga dopamini na ile hipokampasi niliyoitaja. Dopamini, kwa njia, si "kemikali ya raha" kama inavyosemwa mitandaoni, wala si maji ya tangi yanayokwisha ukachezea simu sana. Inahusika zaidi na kutarajia, kutaka na kugundua kwamba mambo yamekwenda tofauti na ulivyodhani.

Ukiyaunganisha hayo, utaona kwa nini mtu mzima huhisi amepoa. Mtoto wa miaka mitano kazungukwa na mapengo. Wewe kwenye kazi yako unajua karibu kila kitu, hakuna pengo; na likitokea, unaandika neno kwenye simu na jibu linafika kabla mwasho haujapanda. Pengo limezibwa kabla halijakuwasha. Nina ushauri mmoja tu hapa na ni mdogo kiasi cha kuonekana wa kitoto: kabla ya kutafuta jibu, kisia. Kisia kwa kujitolea, uandike. "Nadhani kobe anaishi miaka 60." Ukishaweka dau lako, pengo linakuwa lako, na jibu likitofautiana ubongo unashtuka na kujifunza. Kwa mtunzi kuna faida ya pili. Makisio yaliyokosewa ni malighafi bora ya hadithi kuliko majibu sahihi.

Umri wako usikutie shaka. Kwa watu wazima, msamiati na ujuzi wa dunia huendelea kuongezeka, na kuna tafiti zinazoonyesha kwamba kadiri umri unavyosogea mtandao wa kuzurura na wa nidhamu huelekea kuungana zaidi, si kutengana. Jambo hilo lina faida na hasara zake. Akili huchelewa kidogo kuzuia kumbukumbu zisizohitajika zisijichomeze. Kwa kujibu barua za ofisini ni usumbufu. Kwa kutunga, huenda ikawa mtaji.

Vidonge sasa. Dawa za kuchangamsha ubongo zinazotolewa kwa cheti cha daktari zina wagonjwa wake na huwasaidia sana. Kwa mtu asiye na ugonjwa, kinachoongezeka zaidi ni kukesha na kukaza macho, yaani ule upande ambao kwako tayari umezidi, na gharama yake ni usingizi, mapigo ya moyo, wasiwasi, na kwa wengine mazoea mabaya. Vile vinavyouzwa bila cheti kwa maneno mengi kwenye kasha, pesa yako ina kazi nyingine. Kifaa cha umeme kina sayansi ya kweli nyuma yake, lakini matokeo ya maabara juu ya ubunifu yanapishana, na huko kuna mtaalamu anayejua wapi pa kubandika na kwa muda gani. Nyumbani, watu wamejiunguza ngozi. Mwenye kifafa, au chuma au kifaa chochote kilichopandikizwa kichwani au moyoni, asikiguse kabisa bila daktari wake. Mimi nisingekinunua.

Ningefanya hivi. Ningetenganisha kumwaga na kuchuja, si kwa dakika bali kwa siku. Jioni, ukiwa umechoka na mkaguzi wako wa ndani naye kachoka, mwaga: kalamu na karatasi, dakika 25, marufuku kukata neno, hata likiwa la aibu. Nenda mpaka toleo la kumi na tano la mwanzo uleule. Asubuhi kabla ya kazi, au Jumamosi, ndipo umwite yule mhasibu aje achuje. Ni mzuri mno wa kazi hiyo kumfukuza moja kwa moja. Na usianze na ukurasa mtupu. Jiwekee kizuizi: kobe anayeogopa kivuli chake, hadithi nzima itokee kati ya mawio na adhuhuri, na asiwepo mnyama anayezungumza isipokuwa mmoja. Inaonekana kama kujifunga, lakini bawabu hawezi kuchagua wa kumpitisha kama hajaambiwa anamngoja nani. Baada ya kumwaga, nenda kaoge.

Lipo jambo ambalo barua yako haijalisema wazi na siwezi kuliruka. Umesema hamu ya kujua imepungua. Kama iliyopungua ni hamu ya kutafuta mambo tu, yaliyotangulia yanatosha. Lakini kama hata ulivyokuwa unavifurahia havikufurahishi, kama muziki, marafiki na chakula vimekuwa vilevile tu, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na usingizi, hamu ya kula au nguvu za mwili vimebadilika, hilo si suala la ubunifu. Huenda ni sonona, na sonona inatibika; muone daktari ana kwa ana, usingoje hadithi ikwame mwezi wa tano. Ukianza kuwaza kifo au kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, na umwambie mtu wa karibu. Daktari anaweza pia kukupima damu, maana upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyolegea hufanya akili iwe nzito kwa namna hiyohiyo. Mwambie kama unakoroma sana na kuamka umechoka. Mtajie dawa unazotumia, kwani baadhi, zikiwemo za sonona zenyewe, hupunguza makali ya hisia. Ila usiache dawa ghafla kwa kujiamulia.

Upande wa pili pia upo. Mawazo yakianza kufurika usiku na mchana, ukawa unalala saa mbili tatu na huchoki, unatumia pesa kama huna kesho na watu wa nyumbani wanakushangaa, usifurahie kwamba ubunifu umerudi. Hiyo nayo ni hali ya kumwona daktari upesi. Na kubadilika kwa ghafla kwa usemi, mdomo kwenda upande, au mkono kulegea ni dharura ya dakika, si ya wiki.

Sioni dalili za hayo kwenye maneno yako, lakini mimi nakusoma tu, sikuoni.

Swali lako la mwisho lilikuwa urudi kwenye vitabu vya hesabu au la. Sidhani unahitaji kutoka huko ili uandike. Jaribu mpango huu kwa wiki sita, kisha niandikie tena. Usinitumie hadithi iliyosafishwa. Nitumie ukurasa wa jioni, wenye mianzo yote kumi na tano, hata ile ya aibu. Nataka kuona kobe alianza kuogopa kivuli kwenye mwanzo wa ngapi.